Maisha ya Edward Whymper, Mpanda Milima

1. Mchonga picha

Katika bara la Ulaya iko safu kubwa ya milima iitwayo Alps, ipitayo katika nchi za Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria. Vilele vyake virefu havikosi theluji mwaka mzima, na katika mabonde ya juu mna mito ya barafu ishukayo polepole sana, hata jicho halioni mwendo wake. Mmoja wa milima hiyo ni Matterhorn, uliosimama mpakani mwa Uswisi na Italia. Kimo chake ni futi 14,692. Basi ni mfupi kuliko Kilimanjaro, wenye futi 19,341, tena ni mfupi kuliko Mlima Kenya. Lakini urefu si kitu pekee kiufanyacho mlima kuwa mgumu. Mtu mwenye nguvu na pumzi aweza kufika juu ya Kibo kwa miguu yake tu. Matterhorn umechongoka kama jino, na pande zake zote nne ni magenge ya mawe na barafu. Habari hizi ni za mtu wa kwanza kuwaongoza wenzake hadi kilele chake, na za gharama iliyolipwa siku ile.

Edward Whymper alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 27 Aprili 1840. Alikuwa mtoto wa pili katika watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mchora picha na mchonga mbao. Siku zile vitabu havikuweza kupigwa chapa kwa picha za kamera kama vya sasa. Mchoraji alichora picha juu ya kipande cha mti mgumu, kisha mchongaji akaondoa kwa patasi ndogo sehemu zote zitakiwazo kuwa nyeupe, akaacha mistari tu. Ule mti ukapakwa wino, ukakandamizwa juu ya karatasi. Kazi hii yataka subira na jicho kali, maana patasi ikipita mahali pasipo pake, kazi ya siku nyingi imeharibika. Edward aliingia katika kazi hiyo angali mtoto, akawa fundi hodari.

Mwaka 1860, alipokuwa na umri wa miaka ishirini, mwenye kuchapisha vitabu mmoja wa London alimtuma Alps akachore picha za milima. Kijana huyu hakuwa amepanda mlima mkubwa hata mmoja. Alikwenda kwa ajili ya kazi na mshahara, lakini alipoiona milima ile alivutwa nayo, wala hakuweza kuisahau tena.

2. Mlima uliowashinda watu

Wakati ule vilele vingi vya Alps vilikuwa vimekwisha kupandwa, bali Matterhorn ulikuwa haujapandwa na mtu. Wenyeji wa mabonde yaliyo chini yake waliuogopa. Walisimulia ya kuwa juu yake uko mji ulioharibika, nao ni makao ya pepo. Viongozi wengi, ndio watu wa milimani wafanyao kazi ya kuwaonyesha wageni njia, hawakutaka hata kuujaribu.

Upande wa kusini, katika nchi ya Italia, kipo kijiji cha Breuil. Hapo aliishi mtu mmoja, Jean-Antoine Carrel, mwindaji aliyewahi kuwa askari. Huyu hakuogopa pepo, na aliamini kwamba mlima ule wapandika. Alitamani sana upandwe na watu wa kwao, kutoka upande wa kwao. Whymper alipofika Breuil mwaka 1861, wakajuana. Tangu siku hiyo watu hawa wawili walikuwa mara rafiki, mara washindani, na pengine yote mawili kwa siku moja.

Karibu watu wote waliojaribu walipita kwenye mgongo wa mlima ulio upande wa Italia, kwa sababu kwa macho ulionekana kuwa rahisi zaidi. Whymper naye alifuata njia hiyo. Katika mwaka 1862 peke yake alijaribu mara tano, na mara zote alirudishwa, ama na tufani, ama na ukubwa wa magenge, ama na wenzake waliokataa kuendelea.

Mara moja katika hizo alikwenda bila mwenziwe. Alifika mahali pa juu kuliko alipopata kufika mtu yeyote, akafurahi. Lakini alipokuwa akishuka na kuzunguka pembe ya mwamba, mguu uliteleza juu ya barafu. Akaanguka, akawa akirushwa toka jiwe hata jiwe, kiasi cha futi 200, akasimama karibu kabisa na ukingo wa shimo refu. Kichwa chake kilipasuka na damu ilimtoka nyingi. Akashika bonge la theluji akalikandamiza juu ya majeraha hata damu ikapungua, akajikokota mpaka mahali pa salama, na hapo akazimia. Alipozinduka jua lilikuwa linakuchwa. Akashuka gizani mpaka Breuil. Baada ya siku chache tu alikuwa mlimani tena.

Watu wengine walimsifu kwa ushujaa huo. Lakini aliyepanda peke yake hana wa kumshika akiteleza, wala wa kupeleka habari akiumia. Whymper aliokoka kwa hatua chache tu.

3. Upande usiotazamwa

Mwaka 1863 alijaribu tena upande ule ule, akashindwa. Ndipo akaanza kuitazama habari hii kwa jicho la fundi mchongaji. Akajiuliza kwa nini upande wa Italia huwashinda watu daima, hali kwa mbali huonekana mwepesi.

Jibu alilipata katika mawe yenyewe. Miamba ya Matterhorn imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama vigae juu ya paa, na tabaka hizo zimeinama kuelekea Italia. Kwa hiyo mtu apandaye upande wa Italia hukuta kila ngazi ya jiwe imeinama nje, na mguu hauna pa kushika. Juu yake tena mawe yametokeza kama upenu wa nyumba. Lakini upande wa pili, kuelekea kijiji cha Zermatt katika Uswisi, lazima tabaka zile zile ziiname ndani, na kila jiwe liwe kama kidato cha ngazi.

Watu wa Zermatt walikuwa wakiuona upande huo wa mashariki kila siku, nao walisema ni ukuta mtupu. Wachache sana walikuwa wameujaribu, nao hawakufika mbali. Whymper alikwenda akautazama ubavuni, si kwa mbele, akaona ya kuwa haukusimama wima kama ulivyodhaniwa. Tena aliona mabaka ya theluji yaliyodumu huko wakati wote wa kiangazi. Theluji haiwezi kukaa juu ya ukuta uliosimama wima. Kama imekaa, basi mtu naye aweza kusimama. Hivyo akaazimia kuiacha njia ya wengi na kuifuata ile iliyoachwa.

4. Mbio za Julai 1865

Mwezi wa Julai mwaka 1865 Whymper alikuwa Breuil, akitaka kufuatana na Carrel. Asubuhi ya tarehe 11 alipata habari kwamba Carrel amekwisha kuondoka na watu wake na kamba na vyakula, kwenda kuupanda Matterhorn kwa upande wa Italia. Carrel alikuwa amewaahidi kwa siri wakubwa fulani wa Italia, waliotaka heshima hiyo iwe ya taifa lao jipya. Whymper aliona amehadaiwa, akakasirika sana. Wala hakuwa na kiongozi hata mmoja, wala mchukuzi.

Siku hiyo hiyo alifika Breuil kijana Mwingereza, Lord Francis Douglas, mwenye umri wa miaka kumi na minane, akitoka Zermatt. Whymper alimweleza shauri lake, na kesho yake wakavuka mlima pamoja kurudi Zermatt. Huko wakamwajiri Peter Taugwalder, kiongozi mzee, pamoja na mwanawe aliyeitwa Peter kama baba yake.

Jioni ile walikuta Zermatt kundi jingine lenye nia ile ile. Mkubwa wake alikuwa Charles Hudson, kasisi wa Kiingereza na mpanda milima mashuhuri. Kiongozi wake alikuwa Michel Croz, Mfaransa, aliyewahi kupanda vilele vingi pamoja na Whymper. Pamoja nao alikuwako Douglas Hadow, kijana wa miaka kumi na tisa. Whymper aliuliza kama kijana huyu aiweza safari ile, kwa maana alikuwa bado mgeni wa kazi hii. Hudson akamdhamini. Basi makundi mawili yakawa moja, kwa shauri la jioni moja tu, maana Carrel alikuwa mlimani tayari na kila saa ilikuwa na thamani.

Wakaondoka Zermatt alfajiri ya tarehe 13. Hali ya hewa ilikuwa njema. Walipofika upande wa mashariki walistaajabu, maana mahali palipoonekana kwa mbali kuwa hapapitiki palikuwa rahisi hata wangeweza kukimbia. Kabla ya adhuhuri walipiga hema kwenye futi 11,000. Croz na kijana Taugwalder walikwenda mbele kuangalia njia, wakarudi na furaha kubwa.

5. Juu ya kilele

Ijumaa, tarehe 14 Julai 1865, watu saba walianza kupanda kabla ya jua kutoka. Vidato vya mawe vilikuwa kama Whymper alivyofikiri. Kwa sehemu kubwa ya njia hawakuhitaji hata kamba. Karibu na juu iliwabidi kugeuka upande wa kaskazini, na hapo palikuwa pagumu. Mawe yalifunikwa na barafu nyembamba kama kioo, na mahali pa kushika palikuwa haba. Hadow alihitaji kusaidiwa kila mara. Lakini sehemu hiyo haikuwa ndefu. Walipoivuka wakaona theluji laini tu mbele yao.

Croz na Whymper wakajifungua kamba, wakashindana mbio, wakafika juu pamoja. Saa ilikuwa saba na dakika arobaini mchana. Whymper akatazama huku na huku kama pana nyayo za watu. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Akachungulia upande wa Italia, akawaona Carrel na watu wake mbali chini, wadogo kama vidoa. Wakapiga kelele na kuvingirisha mawe gengeni ili wasikiwe. Waitalia walipotambua kwamba wametanguliwa, wakarudi nyuma. Croz akasimamisha kijiti cha hema kileleni na kukifunga shati lake kuwa bendera.

Walikaa saa moja. Hewa ilikuwa safi hata milima iliyo mbali maili mia ilionekana dhahiri.

6. Kamba nyembamba

Kushuka mlima ni kugumu kuliko kuupanda, maana mtu haoni vema pa kuweka mguu, na uzito wake wote wamvuta chini. Wakapanga hivi: Croz atangulie, afuate Hadow, kisha Hudson, kisha Lord Francis Douglas, kisha mzee Taugwalder. Whymper alikuwa bado akichora picha ya kilele wakati wenzake walipofungana. Yeye na kijana Taugwalder walifuata nyuma, na baadaye kidogo, kwa ombi la Douglas, wakajifunga pamoja na wengine. Hivyo wote saba wakawa katika mstari mmoja.

Walikuwa na kamba za namna tatu. Mbili zilikuwa imara. Ya tatu ilikuwa nyembamba na kuukuu, iliyochukuliwa ili ifungwe kwenye mawe na kuachwa huko kama ikihitajika. Kamba imara zilikuwapo nyingi, za kuwatosha wote. Lakini kati ya Douglas na mzee Taugwalder ilifungwa ile nyembamba, na hakuna aliyeitazama. Tena lilikuwako shauri la kufunga kamba katika miamba ya mahali pagumu, wapate kuishika wakishuka. Shauri hilo halikutimizwa.

Wakafika mahali pagumu, wakashuka mmoja mmoja, mmoja akienda na wengine wamesimama. Croz alikuwa ameweka shoka lake kando, akawa akishika miguu ya Hadow na kuiweka mahali pake. Alipogeuka ili ashuke hatua moja, Hadow akateleza, akamwangukia. Croz akapiga ukelele. Mara hiyo Hudson akavutwa, na Douglas baada yake. Mzee Taugwalder na Whymper, waliposikia ukelele, wakajikaza mwambani kwa nguvu zote. Kamba ikanyoka, ikawavuta, kisha ikakatika katikati ya Taugwalder na Douglas.

Wale watatu waliobaki waliwaona wenzao wakiteleza kwa migongo, mikono imetandazwa wakijaribu kushika mawe. Wakatoweka mmoja mmoja katika genge, wakaanguka futi zipatazo 4,000 mpaka juu ya mto wa barafu ulio chini. Kwa muda wa nusu saa walionusurika hawakuweza kusogea, wakitetemeka. Akina Taugwalder, baba na mwana, walilia kama watoto. Whymper alipoishika kamba iliyokatika na kuitazama, moyo wake ulishituka, maana ilikuwa ile dhaifu kuliko zote.

7. Baada ya msiba

Usiku ule walikaa kwenye mwamba mwembamba, na asubuhi ya Jumamosi wakafika Zermatt, watu watatu badala ya saba. Maiti za Croz, Hudson na Hadow zilionekana juu ya barafu. Maiti ya Lord Francis Douglas haikuonekana hata leo.

Habari zilienea Ulaya yote. Magazeti ya Uingereza yalilaumu sana kazi ya kupanda milima. Watu wengine walimsingizia mzee Taugwalder kuwa ameikata kamba ili ajiokoe. Hakimu akafanya baraza Zermatt, akawahoji waliobaki, wala hakuona hatia. Hata hivyo maneno ya watu hayakukoma, na mzee yule aliishi na fedheha asiyostahili. Kwa habari ya Carrel, alipanda tena kwa upande wake wa Italia, akafika kileleni tarehe 17 Julai, siku tatu baada ya wenzake. Hivyo ikajulikana kwamba njia ngumu nayo yapitika.

Whymper alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano tu. Aliyoyatafuta kwa miaka mitano alikuwa ameyapata kwa saa moja, na saa ile ile ikamletea huzuni isiyomwacha. Alirudi katika kazi yake ya kuchonga. Mwaka 1867 na mwaka 1872 alisafiri Greenland, nchi ya barafu iliyo kaskazini. Mwaka 1871 alitoa kitabu cha safari zake za Alps, chenye picha alizozichonga, na humo alieleza mambo yote ya msiba. Mwaka 1874 aliupanda Matterhorn tena, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Carrel. Ushindani wao ulikuwa umekwisha.

8. Chimborazo

Mwishoni mwa mwaka 1879 Whymper alikwenda Ecuador, katika Amerika ya Kusini, akamchukua Carrel na jamaa yake Louis Carrel. Safari hii hakukimbizana na mtu. Alitaka kujua mwili wa mtu huwaje mahali pa juu sana, ambapo hewa ni nyepesi. Mlima Chimborazo una futi 20,548, wapita hata Kilimanjaro, na ulikuwa haujapandwa hata kileleni.

Walipopiga hema juu ya futi 16,000, wote watatu wakashikwa na maumivu makali ya kichwa, homa, na kutweta kama samaki aliyetolewa majini. Hawakuweza hata kula. Whymper hakuharakisha. Alingoja siku kadhaa, akiandika habari za hali yao, mpaka miili ikaizoea hewa ile. Tarehe 4 Januari 1880 wakafika juu, baada ya kutambaa katika theluji laini iliyowazamisha hata kifuani. Miguu ya Louis Carrel iliumizwa na baridi. Baadaye Whymper alilala usiku mmoja karibu na mdomo wa Cotopaxi, mlima utoao moto. Watu wengine waliposhuku kama kweli amefika juu ya Chimborazo, aliupanda mara ya pili mwaka ule ule kwa njia nyingine, pamoja na wenyeji wawili wa Ecuador wawe mashahidi. Mwaka 1892 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani kwa ajili ya kazi hiyo.

9. Mwisho wao

Carrel alifariki mwaka 1890. Alikuwa mlimani Matterhorn, akimwongoza mgeni mmoja, tufani ikawazuia katika kibanda. Mzee huyo, mwenye miaka zaidi ya sitini, aliwashusha wenzake katika upepo na theluji kwa saa nyingi, mpaka wakafika mahali pasipo hatari. Ndipo nguvu zilipomwishia, akafa. Hakuwa wa kwanza kufika kileleni, lakini hakumpoteza mtu aliyekabidhiwa.

Whymper aliishi mpaka tarehe 16 Septemba 1911, akafa Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya milima ya Alps, akazikwa huko. Njia ya Zermatt, ambayo zamani haikutakiwa na mtu, sasa ndiyo njia ya wengi, na kila mwaka watu hupita pale pale alipopita yeye.

Maisha yake yafundisha mambo mawili. Aliutazama mlima kwa akili, akapata njia ambapo wengine waliona ukuta. Hiyo ndiyo sifa yake. Lakini haraka ya kumtangulia mwingine ilimfanya apande na watu wasiozoeana, na katika furaha ya kushinda hakuna aliyeangalia jambo dogo. Katika nyumba ya makumbusho ya Zermatt kimewekwa kipande cha kamba ile. Ni nyembamba, na nyuzi zake zimefumuka mahali ilipokatika. Siku ile kamba zilizo imara walikuwa nazo.